Rubani Selo Anarudi, Faki Harudi

Maskati

Kwa Dada yangu Riziki,

Asalaam alaykum. U hali gani, na goti la Mama sasa linamruhusu kusali kwa kusimama? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Bibi ninayemhudumia hapa hanikumbuki tena. Kila asubuhi ananiuliza nimetoka wapi, namjibu Pemba, naye husema, "Basi rudi, mama yako asije akalia." Kisha nambadilisha nguo. Cheti changu cha ualimu kiko chini ya godoro, hakijaulizwa na mtu.

Juzi mchana, bibi alipolala, nilisikiliza ujumbe wako wa sauti. "Umeona, Bikombo? Rubani Selo anarudi! Wametangaza, sehemu ya Ijumaa. Nilisema mie!" Ni miaka sijakusikia ukicheka hivyo. Nilikaa chini pale pale jikoni, kwani nilikumbuka nani aliyesema kwanza.

Ni mimi. Tulikuwa tukiitazama ile tamthilia ya vyombo vya angani sisi watatu, kwenye kompyuta yangu ya chuo. Selo alikuwa mgeni tu, sehemu tatu basi, kisha chombo chake kikapotelea gizani. Ukalia. Mumeo Faki akakutania, "We mwanamke, mie nazamia majongoo ya bahari kila siku hunililii, leo walilia picha?" Nami nikakwambia, "Usilie. Hawakuonyesha maiti. Asiyeonyeshwa maiti hurudi."

Halafu Faki akazama na mtungi wake wa hewa nje ya kisiwa cha Makoongwe, na wenzake wakarudi na kiatu chake kimoja cha kuzamia. Hapakuwa na wa kuoshwa. Akasaliwa kama asaliwavyo maiti asiyekuwepo, nawe ukakataa kukaa eda. Watu wamejaa uani, ukanishika mkono, ukaninong'oneza maneno yangu mwenyewe. Sikuyakanusha. Niliyaona dawa ya siku ile moja.

Sasa ni mwaka wa tano. Mama ananiambia kuwa kila Alkhamisi wewe wafua kanzu ya Faki na kuipiga pasi kwa ajili ya Ijumaa. Ananiambia kadhi yuko tayari kuhukumu kuwa amekufa, anakusubiri wewe tu uende Chake Chake ukaombe, nawe umemjibu, "Mpaka nimwone Selo akirudi." Mama alidhani Selo ni mganga.

Dada, Selo anarudi kwa sababu watazamaji walilalamika, na waandishi wakakaa mezani wakamtafutia njia. Faki hana waandishi. Hewa ilimwishia. Nimeandika badala ya kupiga simu, kwani kwenye simu ungecheka tena, nami ningenyamaza tena. Neno langu nalirudisha. Nilikuwa nasema habari za picha. Faki amekufa.

Itazame Ijumaa, ukitaka, na ulie Selo akitokea. Mimi sitaitazama. Lakini Jumatatu nenda na Mama kwa kadhi, kisha urudi nyumbani, uvue dhahabu, uingie ndani ukae miezi yako minne na siku kumi.

Nisalimie Mama. Msalimie na mkweo, aliyemzaa Faki. Miaka yote hii anajizuia kumwita mwanawe marehemu mbele yako. Mruhusu. Na ile kanzu, ukishaipiga pasi, mpe yeye.

Mdogo wako aliyekukosea,
Bikombo