Pumzi ya Baba Mkwe

Jumatano

Bado siamini. Leo saa nne ilifika na baba mkwe hajatoka chumbani. Nilibisha, hakujibu. Mume wangu Wafula alikuwa kazini chuoni, na kwetu mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe wake. Nikasimama mlangoni na kikombe cha uji. Nivunje mila, au nimwache mzee afie humo?

Ndipo nikakumbuka kihisi cha kupima pumzi ambacho Wafula na wenzake wanakifanyia utafiti, kile alichokiweka chini ya godoro la baba. Nikafungua simu, ambako kinatuma vipimo vyake. Mstari ulikuwa unapanda na kushuka, polepole. Anapumua. Mungu wangu, nilikuwa naiona pumzi ya mtu kupitia ukuta, na mikono iliyounda kitu hicho ni ya mume wangu.

"Mama," sauti nzito ya usingizi ikatoka ndani, "huo uji unanukia mpaka huku. Ni wa nani?"

Jioni nilimwomba Wafula aweke kihisi kingine upande wake wa kitanda chetu. Akacheka. "Si wewe unalala hapo hapo?"

Nalala, ndiyo. Lakini nikishikwa na usingizi, nani atasikiliza pumzi yake?