Mukwe Chumbani

Jumatatu, tarehe 3 Novemba
Chimio tena, dawa ya cancer. Nimekunywa uji, nimetapika uji. Keshokutwa banapima kichwa. Cancer iko kwa ziwa, bao ba hospitali banataka kupima akili. Munganga anasema ni kawaida kwa wazee, kabla ya kuongeza dawa. Sawa.

Jumatano, tarehe 5
Nina hasira mpaka sasa.

Béa, binti yangu, alikuwa kazini. Akatuma bwana yake anipeleke. Nilikaa nyuma ya motokari, kimya, vile inafaa. Kufika, infirmière, muuguzi wa kunipima, ametoka Kinshasa, hajui Kiswahili. Akamwambia mukwe: ingia, utafsiri. Na ye akaingia! Mutoto wa mujini. Mukwe wangu, magoti karibu na yangu, anatafsiri ziwa langu.

Mawee! Mamangu hakumuangalia mukwe wake usoni hata siku moja. Niliinamisha macho. Leo siku gani? Kimya. Rudilia haya maneno. Kimya. Huyu bwana ni nani, jina lake? Nimutaje mukwe mbele yake? Hata hapa sitaandika.

Ijumaa, tarehe 7
Munganga ameita Béa, si mimi. Eti akili imepotea. Eti siwezi tena kuamua juu ya matibabu, chimio isimame. Yaani nikae nyumbani nikufe polepole. Béa alilia. Mimi nilitukana: bwana yake, infirmière, munganga, bote. Siko mupumbavu! Niko na haya.

Jumatatu, tarehe 10
Nilienda na Béa. Nilikataa kukaa mpaka munganga aje mwenyewe. "Docta, mulimuingiza mukwe wangu. Weye ungevua suruali mbele ya mama-mukwe wako?"

Ni muntu wa hapa hapa. Aliziba mudomo na mukono. "Mama, utusamehe."

Akanipima yeye, kwa Kiswahili. Siku, mwezi, muji, kuhesabu kwa kurudi nyuma: vyote. Akanipa maneno matano ya kushika. Yalirudi matatu. Nilitafuta yale mengine mpaka jasho. Mukwe hakuwa chumbani. Sikuwa na muntu wa kukasirikia.

Akasema akili iko, lakini kuna kinachopungua, labda ni dawa. Tuendelee na chimio? Aliniuliza mimi, si Béa. Nikasema tuendelee.

Jumapili, tarehe 16
Mukwe ametuma kuku wa kuomba musamaha kupitia Béa. Nimepokea. Yamekwisha.

Nilimupika na nyanya, na bukari, ugali wetu. Kuonja, kumbe sikutia chumvi. Béa alikuwa amekwisha kula yake yote, bila kusema kitu.