Kabla Sijakaa Mbele Kuisifia Programu Yenu

Mpendwa binti yangu,

Kompyuta ulifundishwa na mimi. Hapa Mandewa hakuna asiyejua hilo, maana nimelitangaza mwenyewe, kilabuni na kanisani. Sasa wewe na mimi tunajua ni uongo. Siku ya kwanza kuiona, pale ukumbi wa parokia, nilivua kofia nikaiamkia, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Basi angalau nilikufundisha kucheka.

Barua hii sijaitia bahasha. Nitaibandika kwenye ubao wa matangazo palepale ukumbini, kwa kuwa ninyi mnapenda vitu vya wazi; vijana wa hapa wataipiga picha wakutumie huko uliko. Hiyo programu yenu, nimeelezwa, haina mwenyewe: yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoshonwa, akatia kiraka chake, akampa jirani bure. Mmeitengeneza watu wa nchi mbalimbali, wengine hamjawahi hata kuonana, na hakuna aliyelipwa. Mwanangu, tangu soko huria liingie sijaona cha bure kisicho na mkia. Walituambia mnunuzi atatufuata mlangoni. Kweli alitufuata, na mizani yake mwenyewe mkononi.

Sasa wanaandaa kongamano hapa Singida mjini. Watachaguliwa watu wa kukaa mbele, kwenye viti vya sofa, wazungumzie nafasi ya jamii katika programu hiyo. Jamii ndiyo mimi. Wakaniita kikao cha maandalizi. Mratibu ni kijana wa kutoka Dar, mpole, viatu vimechongoka kama plau. Akaniambia, "Mzee wangu, wewe utasema tu kwamba wakulima wameipokea kwa mikono miwili."

"Wameipokea lini?"

"Mpaka siku hiyo watakuwa wameipokea, mzee."

Yaani nisifie mchuzi na ng'ombe bado yuko malishoni! Programu inataka kila kaya iseme ina magunia mangapi ya alizeti na mtama, ili tuungane, tuuze pamoja kwa bei ya maana. Vizuri. Lakini mnunuzi akiyaona, si atajua nani ghala lake limejaa na nani ana njaa? Mwenye njaa ndiye atakayebishiwa hodi wa kwanza, kwa bei ya msiba. Mratibu akasema kilicho wazi ni programu, si magunia ya watu. Nikamuuliza, "Na ufunguo wa hayo magunia anashika nani?" Akakohoa. Mtu mwenye afya vile, akakohoa.

Nakumbuka mama yako alivyokuwa akialika watu kulima shamba letu la mtama. Wewe ulikuwa unabeba kata, nusu unaimwagia miguu yako. Pombe ikishaiva, yeye ndiye aliyekunywa mbele ya wote, akameza, ndipo akawagawia. Hata ndugu zake wa tumbo moja aliwafanyia hivyo. Siku moja ukamuuliza, "Mama, kwani wanakushuku?"

Akasema, "Wananipenda. Ndiyo maana sitaki waanze."

Nami nikawauliza pale kikaoni: ninyi wapishi, nani kaonja? Nani kati yenu kaandika magunia ya kwao? Mratibu akanywa maji yake ya chupa taratibu, halafu akasema, "Mzee, hatukutegemea shida. Binti yako ndiye aliyetupa jina lako. Alisema, 'Baba atasema lolote nitakalomwomba.'"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda. Nikatoka bado nacheka, na njiani nikagundua kicheko kimeisha zamani, nimebaki nimetoa meno tu.

Maana ulisema kweli. Ungeniomba niwaambie kwamba kompyuta hukamuliwa asubuhi na jioni, ningewaambia, na ningeongeza lita. Sasa kuna Hamisi wa Mtinko, yule rafiki yangu uliyekuwa ukimwibia karanga. Mavuno yaliyopita yalimwacha na kidogo sana. Amenijia juzi na baiskeli yake. "Ukikaa mbele pale," akasema, "mimi naandikisha kesho yake. Usipokaa, siandikishi hata punje. Mimi hayo mambo siyajui, nakutazama wewe."

"Umekwisha, Hamisi. Mimi mwenyewe nina mtoto wa jicho."

Hakucheka. Aliondoka akisubiri jibu. Mwanangu, hilo "lolote" ni langu, nakupa na nyongeza. Magunia ni ya Hamisi.

Usidhani naichukia kazi yako. Nikipita ukumbini naichungulia ile mashine dirishani, nasema moyoni, mle ndani mna mkono wa mtoto wangu. Halafu nashuku tena. Mimi ni mtu wa kushuku, na nashuku hata mvua inapowahi.

Nakudai deni dogo. Siku unaondoka, pale stendi, uliniomba nisilie mbele ya wenzako. Nilijikaza mpaka basi likapotea, na vumbi nikalisingizia. Ukaahidi utanilipa. Nalidai leo. Jumapili, ibada ikitoka, piga simu duka la jirani na ukumbi. Atakayepokea ni Hamisi, si mimi. Mwambie kwa mdomo wako ni nani anashika ufunguo. Na kama hujui, mwambie hujui.

Vaa sweta.

Baba yako, ambaye bado amesimama