Sauti Kwenye Miksi ya Vaelyn

Alhamisi, 6 Machi

Mvua asubuhi, mitumba haikutoka. Mchana tukakaa barazani pa duka letu kama kila Alhamisi, mihogo yetu na samaki wa kukaanga, kila mtu na miksi yake ya nyimbo. Rafiki yangu Teretia kaleta kwaya za kwao Kiribati. Anasema asiyezijua hajalia bado. Kedrick — yule anayejaza watu nyimbo kwenye memori kadi pale sokoni — kaleta rege tupu. Wakabishana. Teretia akamwambia rege zake zote ni wimbo mmoja uliobadilishwa shati. Nilicheka hadi nikapaliwa.

Kisha zamu ya Vaelyn, mtoto wa dada yangu Zelma. Miaka kumi na minane, lakini masikio ya bibi kizee. Anapenda bendi za zamani, zile za mianzi inayopigwa kwa kandambili. Wimbo wa kwanza mzuri. Wa pili mzuri. Wa tatu — gitaa, mianzi, mwanamke anaimba. Sauti nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka usingizini. Sijawahi kuusikia. Ila mkono wangu ulianza kupiga paja kabla mianzi haijaingia. Kabla.

Teretia akaniangalia. Akasema, nusu utani, Wendi, mbona huyu ni wewe?

Nikamwambia mimi hata kanisani nachezesha midomo tu.

Dada Zelma akainuka, akaacha sahani imejaa. Eti kichwa. Dada haumwi kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Vaelyn kanirushia wimbo kwenye simu. Nimeusikiliza dukani, kwa visikilizio, nyuma ya marundo ya jinzi. Jana kelele zilitufichia mwanzo wake. Kuna mwanamume anakohoa, halafu anasema, kwa lugha ya kisiwa chetu cha Ranongga kabisa:

“Haya, mke wangu, anza.”

Mwanamke anacheka. Sauti za watu hufanana, hilo najua. Lakini kicheko kile, kinachokwama puani mwishoni, wananitania nacho tangu shule. Ni changu.

Sijawahi kuolewa.

Nimezima. Mteja kaniuliza mara mbili kama naumwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemfuata Kedrick. Anasema wimbo ulitoka kwenye kaseti aliyoletewa na mzee mmoja wa kisiwa cha Simbo, pamoja na nyingine nyingi, azihamishie kwenye kompyuta. Haina jina juu. Upande wa kaseti uliisha wakiwa bado wanaimba, ndiyo maana unakatika ghafla katikati ya ubeti wa tatu. Mzee alimwambia auze zote, ila hiyo asiipige karibu na soko letu hapa Gizo. Kedrick alidhani ni mzaha. Yeye ni mtu wa kisiwa cha mbali, Malaita, alikuja huku baada ya bahari kupanda. Hajui ya watu.

Na mimi sijui ya kwangu. Bahari ilipopanda na kufagia vijiji, mwaka ule wa 2007, walinikuta nimenasa kwenye mikoko, kichwa kimepasuka. Miaka miwili ya kabla ya hapo haipo akilini mwangu. Si kama kitu kilichofifia — haipo. Nilikuwa nikimuuliza mama, Mungu amrehemu, na jibu lake likawa moja siku zote. Ulikuwa nyumbani Ranongga, unalima viazi. Hukupoteza kitu. Nikaridhika. Mtu ataacha kumwamini mama yake aanze na nani?

Jumatano, 12 Machi

Wimbo umeenea. Vaelyn aliuweka kwenye kundi lao la miksi, sasa vijana wote wanao, hadi wavulana wa boti wanaupiga kwa mluzi.

Lakini leo nimepita sokoni, upande wa kina mama wa rika langu. Spika ndogo ilikuwa inaimba kwenye meza ya mapapai. Nilipokaribia ikazimwa. Meza ya pili, ikazimwa. Ya samaki wa moshi, ikazimwa. Nimetembea ndani ya ukimya ule hadi mwisho wa soko, na nyuma yangu nasikia unawashwa tena, chinichini. Mama mmoja nisiyemjua hata jina kanishika mkono, kanitilia papai kikapuni, akakataa malipo. Macho yamemjaa. Nikaondoka. Niliogopa asije akasema.

Jioni dada alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Nikaketi mbele yake.

“Dada, nani alikuwa anaimba na mimi?”

Hakuinua uso. Nazi ikaisha. Akaendelea kukuna kifuu, kinalia kraa, kraa, unga wa kahawia unaangukia kwenye nazi yetu.

“Mwambie Vaelyn aufute,” akasema.

Nikamwuliza kwa nini asimwambie mwenyewe, mtoto ni wake.

Akamwaga nazi yote nje. Tumekula wali mkavu.

Jumamosi, 15 Machi

Vaelyn amekataa kufuta. Anasema tangu aupate analala vizuri. Yeye, ambaye tangu mchanga usingizi wake ni wa kubembelezwa! Anasema hafiki hata ubeti wa pili.

Sijui kwa nini hilo ndilo limenitisha kuliko yote.

Jumapili, 16 Machi

Niandike haraka.

Baada ya ibada dada alibaki kwenye mkutano wa kina mama. Vaelyn akaja na gitaa la Kedrick, anataka kuutafuta ule wimbo kwenye nyuzi. Akahangaika. Akakosea kila mara palepale. Nikamwambia hapo kidole kinashuka. Akacheka: mama mdogo, tangu lini unajua gitaa? Akanipa.

Sijawahi kushika gitaa. Nalikumbuka hilo vizuri, kama mtu kama mimi anaweza kusema anakumbuka vizuri. Lakini vidole vilikaa. Vilikwenda vyenyewe, kama kuku wanaorudi bandani. Nilivitazama kama vya mtu mwingine. Halafu mdomo ukafunguka, na ile sauti nzito ya kwenye simu ikatoka kifuani mwangu, chumbani, mchana kweupe.

Vaelyn akaitikia. Anaimba vizuri, mtoto huyu. Ubeti wa kwanza, wa pili. Tukafika kwenye ule wa tatu, pale kaseti inapokatika. Yeye akanyamaza.

Mimi sikunyamaza.

Niliumaliza wa tatu. Kuna wa nne. Mwendo unapungua, mianzi haipo, ni wa kumlaza mtoto. Maneno yalikuja moja baada ya moja na mimi nayasikia pamoja naye, kwa mara ya kwanza:

“Lala, Vaelyn, lala. Baba yako kaenda kuvua jodari, mama yako nipo.”

Nikasimamisha nyuzi kwa kiganja. 

Vaelyn akasema polepole kwamba kipande hicho hakimo kwenye simu. Nikamwambia najua. Akaniuliza kama nimekitunga sasa hivi. Nilitaka kusema ndiyo.

Tulipogeuka, dada Zelma alikuwa mlangoni, bado na kofia ya kanisani, Biblia kwapani. Sijui alifika kwenye ubeti gani. Uso wake umekuwa wa mama kabisa, wa mama siku zile nikimwuliza.

Nimekuja chumbani. Gitaa nimekuja nalo, sijui kwa nini. Ukuta wetu ni wa mbao, nasikia kila kitu. Vaelyn anamwuliza wimbo ulitungwa lini. Anamwuliza alizaliwa wapi — si hapa Gizo? Anauliza tena, taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Sasa dada analia. Miaka yote hii sijamsikia dada akilia.

Hatua. Vaelyn amefika kwenye mlango wangu. Hagongi. Naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.

Ameita. Amesema “Mama,” akaishia hapo.

Kule sebuleni kiti cha dada kimesogea. Na mimi nimesimama.