Gego la Mzee Jere

Lusaka,
Jumamosi, 22 Novemba 2003

Baba mpendwa,

Pokea heshima zangu. Ningekuwa nyumbani ningepiga magoti mlangoni na kupiga makofi taratibu mpaka uniitikie; kwa kuwa niko mbali, naomba uipokee karatasi hii kama unavyonipokea mimi. Natumaini mguu haukusumbui sana na mvua hizi, na Mama amepumzika na kile kikohozi. Mwambie Kapasa nimesikia anatoroka shule kwenda kuokota uyoga, na kwamba uyoga hautamfanyia mtihani. Mimi ni mzima kabisa. Nakula vizuri, ingawa nshima ya bwenini ni ugali laini, mtu angeweza kuinywa.

Uliponisindikiza kituoni Mpika uliniambia habari fupi nipige simu, habari ndefu niandike. Hii ni ndefu. Nimefungua kitabu changu cha kumbukumbu za kila siku ili nisikosee tarehe, maana nataka ulisikie jambo hili kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine.

Kama unavyojua, mwaka wa pili haturuhusiwi bado kumgusa mgonjwa. Tunajifunzia meno ya kweli yaliyong'olewa, na kila mwanafunzi anayatafuta mwenyewe. Kwa mtihani wa vitendo unatakiwa uje na gego la juu lenye mizizi mitatu mizima, ulitoboe, usafishe mifereji ya ndani mpaka nchani, kisha ulizibe. Huna gego, huna mtihani, na mwaka unaurudia. Magego ya namna hiyo ni adimu, kwa sababu watu wetu hawaji kliniki mpaka jino limebaki ganda, na likiguswa na koleo linavunjika vipande.

Basi tangu Agosti, kila siku nisiyokuwa na kipindi, nilikuwa nakwenda kliniki moja huko Kanyama na kusimama mlangoni pa chumba cha kung'olea, chupa mkononi. Kuomba jino ni kazi ngumu kuliko kuomba chumvi, Baba. Wengi walilifunga jino lao kwenye leso na kuondoka nalo. Mama mmoja aliniuliza kama natunga shanga. Kijana mmoja, shavu limekufa ganzi, aliwaambia foleni nzima kwamba meno yanapelekwa ng'ambo kutengenezewa matajiri, na siku ile sikupata hata moja. Niliyopata niliyaosha, nikayaloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo, kisha nikayaweka kwenye maji ya chumvi, maana jino likikauka linapasuka ukilitoboa. Yote katika chupa moja, bila majina. Ndiyo amri ya chuo: jino la kujifunzia lisiwe la mtu.

Tarehe 9 Septemba aliletwa mzee mmoja, Yelesani Jere, Mngoni wa Chipata. Shavu lilikuwa limevimba, mkewe, Mama Zondiwe, amemshika mkono. Nesi aliponiita kwa jina langu la Kibemba, yule mzee akafumbua jicho moja. Akasema, kwa hiyo maumivu yote haya na bado ameletwa kwa wala nyani! Wewe ulifanya kazi relini na Wangoni, watani wetu, miaka mingi, unajua ningejibu nini. Nikamwambia akae kitako, mla panya, na afungue mdomo tuone kama mkia bado unaning'inia. Chumba kizima kikacheka, na yeye akacheka mpaka akashika shavu na kunitukana kwa kumchekesha.

Gego lilitoka zima, mizizi mitatu imetanuka kama miguu ya kigoda. Sikuomba. Nilimwambia hilo ni mali yangu, mtani haombi. Akasema nichukue, lakini siku akifa nimrudishie mwenyewe kwa mkono wangu, asije akafika kwa mababu na pengo wakadhani Mbemba alimpiga ngumi. Nikasema sawa, ila nitalipisha usafiri. Mkewe alikuwa pale, akasikia yote.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Wangoni waliokuja walikuwa wamesikia kuna binti wa Kibemba anayepora meno, wakawa wanaingia na matusi tayari. Kufikia Oktoba nilikuwa na magego matatu mazuri ya juu, pamoja na meno mengine ya mazoezi, na nililala bila wasiwasi.

Jumapili tarehe 16, asubuhi, Zondiwe, binti wa yule mzee, alikuja bwenini. Baba yake alikuwa amefariki Ijumaa. Alisema maziko ni mchana huohuo lakini jeneza halijafungwa, kwa sababu shangazi yake, Bibi Esnati, ametoka Chipata na kukaa kando yake, na amesema kaka yake alitoa agizo, mtani aje na jino. Alikuwa anaona aibu, masikini. Aliniambia, "Dada, najua ulikuwa mzaha, lakini shangazi hataki kusikia."

Nilichukua chupa, nikamfuata. Njiani nilikuwa naitazama. Magego matatu niliyoyajua yalikuwa humo pamoja na mengine, maji yametibuka kwa mwendo, na sikuweza kusema lipi ni lake. Ningeweza kuchagua lolote, nikampa Bibi Esnati, nikabaki na mengine ya mtihani wa Alhamisi. Hakuna ambaye angejua. Lakini, Baba, mtani anaruhusiwa kutukana, kupora, hata kukalia jeneza. Haruhusiwi kudanganya maiti. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Nilipofika msibani niliingia kama inavyotakiwa. Niliuliza kwa sauti nani amewaruhusu kuzika mali yangu bila mimi kuwepo. Wanaume waliokuwa wakiota moto wakaanza kuguna, mmoja akasema mlinde kuku, Mbemba amefika. Nikaingia ndani, nikapiga magoti mbele ya Bibi Esnati, nikamweleza ukweli mbele ya wanawake wote: jino la kaka yake limo humu, lakini lipi, siwezi kuapa. Akauliza hayo mengine ni ya nani. Nikasema ni ya Wabemba, Watonga, Wachewa na Wangoni wenzake.  Nikaweka chupa nzima mapajani mwake na kusema, mpelekeni nayo yote. Wangoni walikimbizwa na babu zangu kwa sababu hawakuwa na meno ya kutosha. Safari hii anakwenda na jeshi.

Bibi Esnati alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani, kisha akalia, kisha akaiweka chupa mwenyewe ubavuni mwa kaka yake. Jeneza likafungwa. Walinipa kuku, nikamla.

Usidhani nilitoka pale na huzuni. Nilijiambia siku tatu zinatosha kupata gego moja. Jumatatu, Jumanne na Jumatano asubuhi nilisimama mlangoni kliniki. Yaliyotoka yalikuwa maganda matupu. Jumatano mchana nilikwenda kwa mwalimu wetu wa vitendo, Daktari Hamoonga, nikamwambia sina jino na kwa nini. Alinisikiliza vizuri, hakunicheka. Akasema asiye na jino asubuhi hafanyi mtihani, na kwamba hawezi kunibadilishia sheria mimi peke yangu. Nilimwelewa.

Nilipotoka kwake nilimkuta Lubinda, yule Mlozi ninayekaa naye meza moja, ananisubiri ukumbini na kitu kwenye pamba yenye maji. Alikuwa Kafue tangu Jumamosi, kutazama kazi kwenye kliniki ya huko. Alisema alinikosa siku ile, akaazima gego moja kwenye chupa yangu asije akakosa la mtihani, akatia gego lake lililovunjika mzizi badala yake ili nisilie; Kafue amepata lingine, ndiyo maana analirudisha. Kati ya yale matatu, moja nililodhani ni gego zima kwenye maji yale machafu lilikuwa takataka ya Lubinda. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya baba yangu.

Lakini gego nililishika. Mizizi mitatu, mizima. Lingeweza kuwa la mzee, lingeweza kuwa la mwingine. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa na mtihani ulikuwa kesho. Lubinda akasema, bahati yako hiyo, nyamaza tu.  Nilipanda gari kwenda Kanyama jua likiwa bado lipo.

Nilimkuta Mama Zondiwe amekaa sakafuni kwenye chumba kitupu. Simaanishi cha fukara, Baba, namaanisha kitupu. Bibi Esnati na ndugu wengine walikuwa wameondoka Jumanne na redio, kitanda, koti la mzee, baiskeli, mpaka fimbo yake. Walisema ni vya ukoo. Picha ya harusi pia wameichukua, kwa sababu fremu ilinunuliwa na marehemu. Nilimweleza habari ya Lubinda, nikafungua pamba. Nikasema, kama anataka, kesho asubuhi tutakwenda makaburini tulifukie pembeni mwa mzee, na mtihani niuache.

Alilishika akaligeuza kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu. Akasema, "Ni lake hili. Angalia lilivyonuna." Nikamwambia hatuwezi kuwa na hakika. Akaniambia mwanangu, ninyi wala nyani mnasumbua na hakika zenu. Kisha akasema mumewe katika maisha yake yote hakuwahi kukaa kazini zaidi ya mwezi, kila bosi alikuwa mpumbavu. Basi nilichukue, lifanye kazi siku moja, na jioni nilirudishe. Si makaburini. Kwake.

Alhamisi nilifanya mtihani.  Mfereji wa nne, ule unaojificha, ambao huwa wanaukosa wengi, niliuona mapema, na kuziba kulitoka safi, fedha inang'aa kama sarafu mpya. Daktari Hamoonga aliligeuza mara mbili na kuniuliza nilipolipata. Nikasema nimeazimwa. Jana matokeo yalibandikwa: nimefaulu, wa tatu darasani. Ndiyo habari njema, nimeiweka nyuma kwa makusudi.

Sasa lililobaki. Kwa amri ya chuo, meno yote yaliyotumika yanarudishwa baada ya mtihani yakachomwe, na mwanafunzi haruhusiwi kutoka na hata kipande. Baada ya kusahihishiwa nililitoa kwenye plasta lilimosimikwa kwa mtihani, nikalisafisha, nikalitia mfukoni mwa koti langu jeupe na kutoka nalo mlangoni. Jioni ileile Mama Zondiwe alilipokea kwa mikono miwili. Sikusahau amri, wala sikukosea. Nililiiba, Baba, nikijua ninachofanya, na ningeliiba tena.

Jumatatu asubuhi nitakwenda kwa Daktari Hamoonga nimwambie mwenyewe kabla mtu hajahesabu. Nitapewa adhabu, hilo halina shaka. Kunifukuza sidhani, na wakinifukuza, mkono wangu unajua kazi, hawawezi kuuchukua. Nilichotaka ni wewe ujue kwanza, ili mtu akikuambia binti yako ni mwizi umuulize ameiba nini na amempa nani.

Nisalimie Mama, Kapasa, shangazi na wote wa nyumba za reli. Mwambie Mama asitume viwavi vingine vya kitoweo, bado ninavyo, labda karanga. Ukipata nafasi nijibu hata mistari michache, hasa kama umekasirika, nijue.

Mama Zondiwe pia ana salamu zake, nami nilimuahidi kuziandika kama alivyozitamka. Anasema: mwambie huyo mla nyani aliyekuzaa kwamba amezaa mwizi, lakini mwizi wake ana adabu.

Ni mimi mwanao,
Mwaba Kapembwa