Siku Majirani Walipolichimba Shamba la Baba

Korba, Tunisia
16 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Lotfi,

Hujambo huko Marseille? Kifua kimepona, au bado unakohoa? Na wifi yangu Samia, ameizoea baridi? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, ila akisikia umepiga simu huinuka mwenyewe.

Uliuliza habari za shamba la baba. Mwaka jana pilipili zilinyauka zikiwa changa, na maji ya kisima yakaingia chumvi. Shemeji yako Hedi akazidi kumwaga mbolea ya dukani na kumwagilia mchana kutwa. Mwishowe akasema tulikodishe, yeye akatafute kazi ya ulinzi.

Wakati huo wakulima wa hapa walikuwa wamekubaliana kukaguana: udongo, maji, dawa za kupulizia, hata makopo yake yanatupwa wapi. Zamu yetu ilipofika, Hedi hakugusa chai. Wakachimba. Udongo ukatoka mabonge makavu kama matofali, bila nyungunyungu hata mmoja.

“Mmekuja kunizika?” Hedi akafoka.

Jirani yetu Bi Wassila akamjibu, “Tukikuzika tutagombana na nani? Udongo wako una njaa, bwana. Unaunywesha tu, huulishi!”

Watu wakacheka, yeye akaondoka. Nilimkuta nyuma ya banda analia. Nikakaa kando yake, akaniuliza, “Mabrouka, baba yako angenisamehe?”

“Baba angekupa jembe,” nikamwambia.

Basi tukaanza upya. Tulitia samadi, tukapanda maharage kwanza ndipo pilipili. Mabaki ya mazao hatuyachomi tena, tunayatandaza juu ya udongo. Maji tunafungulia alfajiri, tone kwa tone. Mavuno si makubwa, na kisima bado kina chumvi, lakini udongo sasa unameguka mkononi. Habari ya kukodisha imekwisha.

Juzi ilikuwa zamu ya Ridha, yule mkulima wa nyanya. Walipochimba kwake, hakukuwa na nyungunyungu hata mmoja, akainamisha kichwa. Hedi akapiga magoti kwenye tope, akamshika bega. “Usione haya, ndugu yangu. Kesho njoo na mkokoteni, samadi ninayo.”

Lotfi, nilimtazama mume wangu nikampenda upya.

Wabusu wanao Yosr na Aziz, na Samia umpe salamu zangu nyingi. Mama anakuombea kila sala: Mungu akulinde ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na afya na furaha.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,
Mabrouka