Kozi ya Siku Nne na Darubini ya Asbjørg

Vikøyra, 12 Januari 2019

Mwanangu Torunn,

Hujambo huko Tromsø? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri wangu kila nipandapo ngazi za kiwanda cha samaki. Jirani yetu Asbjørg anakusalimu, na mumewe Kåre pia, kwa uchokozi wake uleule.

Nimeshatangaza dukani kwamba Jumamosi ya Pasaka utapanda mlima Kvitehornet na wenzako, mshuke mkiteleza kwa skii upande wetu, kijiji kizima kikiwatazama. Usinikasirikie. Aliyezaa fundi umeme wa kike wa kwanza Vikøyra anyamaze kwa lipi? Asbjørg ataniazima darubini, na mimi nitaoka maandazi ya iliki.

Nilimwambia Kåre kwamba unataka kwanza kusoma kozi ya maporomoko ya theluji. Akacheka mpaka kahawa ikampalia. "Kozi ya nini? Mtoto kazaliwa chini ya mlima!" Nimjibu nini?

Mama yako

Tromsø, 20 Januari 2019

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, ila goti lako ndilo linanipa wasiwasi. Umekwenda kwa daktari, au umeahidi tu?

Mwambie Mzee Kåre kuzaliwa chini ya mlima kumenifundisha kuutazama dirishani, basi. Juu kule sijui lolote, na mwinuko wa upande wetu ni mkali, ndio hasa unaoporomoka.

Tatizo ni kuchagua. Kozi ya kwanza ni ya siku mbili, hotelini, watu ishirini kwa mwalimu mmoja, picha nyingi ukutani, na mwisho unapewa cheti kizuri. Ya pili ni siku nne kwenye kibanda kisicho na maji, watu sita tu, mwalimu mwanamke anaitwa Eldrid. Nasikia ni mkali. Vigdis na kaka yake Jørn, nitakaopanda nao, wanataka ya hotelini. Wewe ungechagua ipi?

Binti yako

Vikøyra, 27 Januari 2019

Mwanangu,

Salamu kwanza. Kwa daktari nimekwenda, kaniambia nipunguze ngazi. Nimemwambia akawaambie kiwandani.

Unaniuliza mimi, mwenye miaka tisa ya shule! Haya, nitakujibu kwa samaki. Nilipoanza kazi, msimamizi alituonyesha kwenye ubao jinsi ya kutoa minofu ya chewa. Tulielewa sote. Siku ya pili nusu yetu tulikuwa na vidole vimefungwa bendeji. Aliyenifundisha ni bibi mmoja aliyesimama nyuma yangu wiki nzima akinipiga kiwiko: "Siyo hivyo. Tena. Tena." Leo hakuna anayenishinda mezani, muulize yeyote.

Kwa hiyo usiulize cheti. Uliza: nitachimba kwa mikono yangu mara ngapi? Nikikosea, mwalimu ataniona, au nitajificha nyuma ya watu kumi na tisa? Na ni nani atakayeamua njia, yeye au mimi? Nenda kwa huyo mkali. Waburute na hao wenzako.

Nimekufumia kimfuko cha simu cha sufu nyekundu. Kivae shingoni, simu ikae kifuani isipate baridi.

Mama yako

Tromsø, 26 Februari 2019

Mama mpendwa,

Shikamoo, na asante. Nimerudi jana, mikono imejaa malengelenge, nina furaha ajabu.

Kimfuko chako kimekuwa maarufu. Kila mmoja wetu huvaa kifuani kifaa cha ishara, ili akifukiwa na theluji wenzake wamtafute. Siku ya kwanza Eldrid aliniambia niwatafute wenzangu, na kifaa changu kikanipeleka huku na huku kama mlevi. Akauliza, "Hiki chekundu shingoni ni nini?" Nikasema kafuma mama. "Mama yako anakupenda sana," akasema, "na simu iliyomo inavuruga ishara." Watu walicheka! Kumbe watatu wengine nao walikuwa na simu kifuani. Sasa zote zinakaa mbali.

Tumechimba, Mama. Jørn alizikwa kwa makusudi, yaani mkoba wake, na tukautoa kwa dakika saba. Eldrid akasema, "Vizuri. Tena." Nikakukumbuka na bibi yako wa kiwandani.

Jambo gumu lilikuwa la mwisho. Kila mwanafunzi huongoza safari moja, na lazima katika safari hiyo awageuze wenzake njiani, hata kama kilele kinaonekana. Tena ajibu maswali kwenye daftari kabla ya kutoka. Kuwageuza watu ni kazi ngumu kuliko kuchimba kwa koleo.

Binti yako

Vikøyra, 4 Machi 2019

Mwanangu dhahabu,

Goti limetulia. Barua yako nimeisoma kantini kwa sauti, kasoro habari za kimfuko. Dakika saba! Kåre kasema hata kuvaa viatu hawezi kwa dakika saba.

Jumamosi ya Pasaka, saa sita mchana, tutakuwa barazani kwangu. Watakuja kumi na wanne. Usituangushe.

Mama yako

Vikøyra, 20 Mei 2019

Torunn mwanangu,

Hujambo? Mwezi mzima hatujaandikiana, na kosa ni langu.

Siku ile tuliwaona vizuri, nukta tatu nyeusi chini ya kilele. Mkasimama. Nikasema wanapumzika. Halafu mkageuka, mkarudi kwa njia mliyopandia. Kåre akasema, "Siku nne za kozi, na bado kaogopa," wote wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Ulipofika mezani ukasema theluji ilikuwa imetoa mngurumo chini ya miguu yenu, na nyufa zimekimbia mbele, dalili kwamba mteremko unaweza kuporomoka. Nikakuuliza kama maandazi yamepoa. Ukaondoka kesho yake bila kunikumbatia vizuri.

Mteremko wenyewe haukuporomoka, si siku ile wala baadaye. Kåre hunikumbusha kila asubuhi.

Jana nikifagia chini ya kitanda chako nimeokota daftari la kozi. Nimesoma, ndiyo. Ukurasa wa Jumamosi ile kuna swali: "Nani anatutazama leo?" Nawe umeandika: "Mama, kwa darubini. Na watu aliowaalika." Chini yake: "Kwa hiyo tugeuke mapema kuliko tunavyotaka."

Nimekaa kitandani kwako mpaka chai ikawa barafu.

Mimi nilikuita mbele ya watu ili unipandishe cheo, na wewe ulihesabu sauti yangu pamoja na hatari za mlima, ukaishinda. Vigdis na Jørn wana mama yao pia. Ametulia kwake bila kujua ulichomfanyia.

Basi leo nimekwenda kantini na daftari lako, nikasimama juu ya kiti, goti na yote. Nikawasomea. Nikasema: "Binti yangu aligeuka na kilele kikimwita, watu kumi na wanne wakimtazama. Nani hapa angeweza?" Kåre akatazama kikombe chake, kisha akauliza taratibu kama huyo Eldrid anapokea wazee.

Darubini nimemrudishia Asbjørg. Kimfuko nimekifuma upya, sasa kina mshipi, kinakaa pajani.

Pasaka ijayo panda au usipande, sitatangaza. Maandazi yatakuwa tayari saa nane. Rudi tu uyale yakiwa ya moto.

Mama yako, anayejivuna